India: kumficha mwanajeshi mtoro, mama haponi

Kuna watu wanaamini India ukimficha mwanajeshi aliyetoroka jeshini na ni ndugu yako wa damu basi sheria haikugusi. Hapana jamani. Kifungu cha 164 cha Bharatiya Nyaya Sanhita, hii sheria ya jinai iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, kinamwachia mtu mmoja tu, mke au mume wa huyo mtoro. Mama, baba, kaka, mshkaji, wote mnaingia: jela hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Ile ya zamani ya 1860, kifungu cha 136, ilimsamehe mke tu, mume hakutajwa kabisa, enzi zile nani angewaza mwanajeshi mwanamke.

Ila lazima uwe unajua au una sababu ya kuamini kwamba katoroka, akikudanganya yuko likizo na hamna cha kukushtua hapo hawana kesi na wewe. Na kuficha sio kumlaza chumba cha uani tu, hata msosi, hela, nguo au usafiri ili asidakwe inahesabika. Nahodha wa meli ya biashara ndo kabanwa zaidi, mtoro akijificha melini kwa uzembe wake anakula faini isiyozidi rupia 3,000 hata kama hakujua jamaa yumo.