Makjang: tamthilia za Kikorea zisizo na breki

Mume anamtelekeza mkewe baharini, afe maji. Mke hafi. Anarudi mjini na jina jingine, kajichora kidoti kando ya jicho, na yule mume aliyelala naye kitanda kimoja hamtambui. Si kwamba hamtambui tu, anampenda upya! Hiyo ni "Temptation of Wife", tamthilia ya kituo cha SBS iliyoanza mwishoni mwa 2008 ikaenda hadi 2009, sehemu 129. Mkorea ukimwomba mfano wa makjang, kuna uwezekano mkubwa ataanza na hicho kidoti.

Sasa hata huku kwetu neno limeingia. Mtu akiona kofi moja na mama mkwe mmoja mkali, tayari anasema "hii makjang". Nadhani tunalitumia ovyo, ndiyo maana nimeona nilieleze.

Asili yake haihusiani na televisheni hata kidogo. Makjang ni lugha ya wachimbaji wa makaa ya mawe: ncha ya handaki, pale chini mwisho kabisa, ambapo mbele yako ni mwamba na nyuma yako ni giza. Kutoka mgodini likapanda hadi mitaani. Mtu aliyefika makjang ni yule ambaye hana tena cha kupoteza wala haoni haya, yule ambaye vijana wa Dar wangesema kajitoa ufahamu. Mitaani ndiko waandishi wa habari walikoliokota wakawabandika watunzi wa tamthilia: hawa wamefika mwisho wa shimo, hawana tena mipaka.

Wenye neno hawakufurahi. Mwaka 2009, neno lilipokuwa kila gazetini, mkuu wa shirika la serikali la makaa ya mawe alijitokeza hadharani kulalamika kwamba makjang ni mahali ambapo wanaume wamemwaga jasho kulisha familia zao, si jina la takataka za jioni. Alikuwa na hoja. Lakini neno likishatoka kinywani halirudi, na leo hata huo mgodi wa mwisho wa shirika lake, ule wa Dogye, umefungwa tangu 2025. Shimo limezibwa, jina linaendelea kuonekana kila jioni kwenye skrini. (Ukikuta makjang kwenye mapishi, hiyo ni nyingine: soya iliyochachushwa. Usiogope.)

Viungo vya makjang mtazamaji mzoefu anavijua kwa kichwa. Mtoto aliyebadilishwa wodini. Tajiri anayepoteza kumbukumbu siku ile ile aliyotaka kusaini wosia. Unywele uliochomolewa kwenye kitana na kupelekwa maabara kwa siri. Wapenzi wanaogundua kwamba huenda ni ndugu. Mama mkwe anayemwaga maji usoni kwa mtu kabla ya salamu. Mwaka 2014 kituo cha MBC kilionyesha mama mkwe akimzaba mkwe wake wa kiume kwa fungu zima la kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa, jekundu na linalochuruzika, na kofi hilo limezunguka dunia kuliko tamthilia yenyewe.

Ila viungo pekee si pilau. "Autumn in My Heart" ya KBS, mwaka 2000, ina watoto waliobadilishwa hospitalini na ina ugonjwa usiopona, lakini mimi siiiti makjang. Ni tamthilia ya machozi, basi. Inakwenda taratibu, na kila siri inayofichuka inaacha jeraha ambalo wahusika wanatembea nalo hadi mwisho. Kwenye makjang jeraha halikai. Mtu anafumaniwa Jumatatu, Jumatano yuko ofisini na suti mpya anapanga njama nyingine. Maiti inazikwa, halafu inarudi na nywele za mtindo tofauti. Kipimo changu ni hiki: jiulize kwa nini jambo hili limetokea. Jibu likipatikana ndani ya mhusika, katika tamaa yake, hofu yake, au uongo aliousema zamani, hiyo si makjang hata kama damu imemwagika. Jibu likiwa "kwa sababu leo ni Ijumaa na watu lazima warudi Jumatatu", umefika ncha ya handaki.

Na hiyo Ijumaa si utani. Makjang imelelewa na tamthilia za kila siku, zile za nusu saa hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, sehemu zaidi ya mia moja. Mtunzi huandika huku kazi ikiendelea kurushwa. Takwimu za watazamaji anazipata asubuhi, jioni yuko mezani. Kofi likipandisha namba, kesho yanakuja mawili. Mhusika akichosha, anasafirishwa nje ya nchi au anakufa. Im Sung-han, mmoja wa malkia wa mtindo huu, aliwaondoa wahusika wake mmoja mmoja katika "Princess Aurora" ya 2013 hadi watazamaji wakawa wanahesabu vifo kama matokeo ya ligi. Hata mbwa hakusalimika. Na "Temptation of Wife", pamoja na kuchekwa kote, ilivuka asilimia 40 ya watazamaji ilipokuwa kileleni. Waliokuwa wakiicheka ndio waliokuwa wakiitazama.

Kuna jambo ambalo mtazamaji wa mbali hulikosa. Mengi tunayoyaona kama chumvi ya mtunzi yana mzizi kwenye sheria. Uzinzi ulikuwa kosa la jinai Korea Kusini hadi Februari 2015, mahakama ya katiba ilipoifuta sheria hiyo. Kabla ya hapo ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kwa hiyo lile tukio la mke kufika mlangoni kwa hoteli akiwa na polisi halikutungwa hewani. Vivyo hivyo daftari la ukoo: hadi mwisho wa 2007 kila familia iliandikishwa chini ya mwanamume mmoja aliyehesabiwa mkuu wake. Katika hali hiyo swali la "huyu mtoto ni wa nani" halikuwa la machozi peke yake. Lilihusu jina na nafasi ya mtu katika ukoo, na tajiri anapokuwa mwenye kampuni ya kurithishana, lilihusu kampuni pia.

Mtunzi wa kile kidoti, Kim Soon-ok, ndiye baadaye aliyeandika "Penthouse", misimu mitatu kati ya 2020 na 2021, kuhusu matajiri wanaoishi kwenye jengo la ghorofa mia na kuuana kwa ajili ya nafasi za watoto katika shule ya muziki. Fedha za kutengenezea ni nyingi, nguo ni za kung'aa, lakini mgodi ni ule ule. Msimu wa kwanza niliumaliza kwa siku nne na sijutii. Wa tatu ulinichosha, kwa sababu kifo kilipoteza thamani: mtu akianguka kutoka juu, unauliza tu anarudi lini. Humo ndimo pia aliingia ndugu wa Logan Lee, mmoja wa wahusika, kasokotwa rasta na kajazwa dhahabu kama kichekesho cha watu weusi. Sisi tuliotazama kutoka Afrika hatukucheka. Mwigizaji aliomba radhi.

Marafiki zangu hunibishia kuhusu "The World of the Married" ya 2020. Wao wanaiita makjang kwa sababu mume ana hawara na mke analipiza. Nakataa. Mke huyo, ambaye ni daktari, anajiangamiza hatua kwa hatua kwa maamuzi yake mwenyewe, na kila hatua anailipia. Asili yake ni tamthilia ya Kiingereza ya BBC, "Doctor Foster". Fumanizi si makjang, jamani. Fumanizi ni maisha.

Wakorea wenyewe neno wameshalilainisha. Zamani lilikuwa tusi. Sasa utawasikia wakisifu makjang iliyotengenezwa vizuri, kama sisi tunavyosifu mipasho: unajua anayepigwa vijembe yupo ukumbini, unajua kitakachosemwa, na bado unasogeza kiti.

Mama mdogo wangu haoni vizuri, maandishi ya tafsiri pale chini hayasomi. "Temptation of Wife" aliifuata kwa makofi na milio ya kinanda tu, na hakupotea hata mara moja. Alinisimamisha mara moja, pale mume alipompelekea maua mwanamke mwenye kidoti.

"Kwani huyu, hata mwendo wa mkewe haujui?"

Nikamwambia, mama, kidoti hicho.

"Haya, weka inayofuata."