Upekuzi wa kiwanja, na kijana asiye na mtaji

Ukimsikia mtu Dar anasema "kiwanja nimekifanyia upekuzi", maana yake amekiulizia rasmi kwa Msajili wa Hati: kimeandikwa jina la nani, kimewekwa rehani benki, kuna mtu ameweka zuio? Unaomba, unalipia ada, unajibiwa kwa maandishi. Hiyo ndiyo maana yake ya ofisini. Wanunuzi wazoefu wanalitumia neno hilo kwa upana zaidi: kuujua ukweli wote wa kiwanja kabla hela haijatoka.

Hapo ndipo penye nafasi ya kijana anayetaka kufanya kazi na wawekezaji. Mwenye hela hana muda wa kwenda Chanika mara tatu, wala wa kukaa kwenye benchi Goba akimsubiri mwenyekiti wa mtaa arudi msibani. Madalali anao tele, picha za viwanja zinaingia kwenye simu usiku na mchana. Asiye naye ni mtu wa kumwambia "hiki achana nacho, sababu ni hizi".

Anza na karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kuimiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inaisha 2031, hata kama muuzaji anataja bei kana kwamba imetoka jana. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa (makazi si biashara) na malimbikizo ya kodi ya ardhi.

Ila sehemu kubwa ya jiji haikupimwa. Huko utaonyeshwa leseni ya makazi (kibali cha muda mfupi cha kukaa, si hati), au mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa tu, na daftari la Msajili halitakusaidia kitu. Upekuzi unahamia kwa watu. Kama mwenye eneo ameshafariki, omba kuona karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Mtoto mkubwa kusema "mimi ndiye naongea kwa niaba ya familia" haitoshi. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake iwe ya maandishi.

Halafu nenda kwa miguu yako. Niliwahi kutumwa kuangalia kiwanja kizuri mno bondeni, mwezi wa tisa, vumbi tupu. Dalali alinionyesha bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, na nguzo ya umeme hatua chache tu kutoka hapo. Alipoondoka nikanunua maandazi kwa mama mmoja wa jirani.

"Samahani mama, masika maji yanapita wapi hapa?"

"Yapite yaende wapi, mwanangu? Yanalala hapa hapa."

Akaninyooshea kidole ukuta wa nyumba yake. Mstari wa matope ulikuwa usawa wa goti langu. Nikaupiga picha, nikapima kwa futi, nikamtumia aliyenituma pamoja na jina la mtaa na saa niliyofika. Siku ile maandazi yalinifaa kuliko zile bikoni.

Sasa malipo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Mwenye kiwanja anataka milioni 18, dalali anamtajia mnunuzi milioni 22; hizo nne ndizo zinazoitwa cha juu. Madalali wakipokezana, kila mmoja anaongeza chake. Cha juu kinalipwa kiwanja kikiuzika tu, kwa hiyo anayekisubiri ana kila sababu ya kutouona mstari wa matope. Ukitaka kuwa mpekuzi, usikiguse. Mweleze mwekezaji mapema kwamba unalipwa kwa kila kiwanja ulichokagua, kinunuliwe kisinunuliwe, na ada ya upekuzi pamoja na nauli ni juu yake. Andikeni, hata kama ni kwa meseji. Na dalali akikupenyezea elfu hamsini "ya soda" ili uharakishe, mrudishie palepale, kisha mtaje kwenye ripoti yako.