"Fundi, nizimie pia apdeti": dhana zinazowaponza wenye Windows

Sijui nani alianzisha hii maneno lakini karibu kila mtu akileta mashine, hata kama shida ni kibodi, lazima aongezee "fundi, ukimaliza nizimie pia hizo apdeti." Ukimwuliza kwa nini, jibu ni lile lile, zinamaliza bando na zinafanya mashine iwe slo. Nimechoka kulijibu nikiwa nimeshika bisibisi, wacha niandike hapa.

Apdeti za usalama za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu inakuwa kama saa mbili ama saa tatu usiku, na wakati huo huo Microsoft inatangaza ni mashimo gani imeziba. Wezi nao wanasoma hilo tangazo. Mwenye ameapdeti ameshaziba, wewe uliyezima umebaki na shimo ambalo sasa kila mtu anajua liko wapi. Virusi ya WannaCry ya Mei 2017, ile iliyofunga mafaili ya watu na kuitisha dola 300 za Bitcoin mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha kutibu wagonjwa, dawa yake ilikuwa imetoka 14 Machi, karibu miezi miwili kabla! Na wengi walioumia hawakuwa watu wa XP, ile Windows ya zamani iliyokuwa haipewi tena apdeti, walikuwa wa Windows 7, ambayo bado ilikuwa inapewa apdeti, ni vile tu hawakuweka.

Mambo ya bando sikatai, kama intaneti yako ni hotspoti ya simu hiyo ni pesa. Lakini usiende kuua Windows Update. Ingia Settings, Network & internet, chagua hiyo Wi-Fi ya simu, washa Metered connection, hapo Windows inajua unahesabiwa MB na apdeti nyingi haitajipakulia yenyewe, halafu siku uko kwa beshte mwenye faiba unaiachia imeze zote. Ukiwa kwa Windows Update pitia Advanced options, kuna kitu inaitwa Delivery Optimization, zima ile ya kushare na kompyuta zingine, juu ikiwa imeruhusiwa kwa intaneti mashine yako inaweza kuwa inagawia watu usiowajua kwa bando yako. Na kama una kazi ya kupeleka kesho, bonyeza Pause, ndio maana waliiweka.

Hiyo ya slo sasa ndio hunikasirisha. Nafungua mashine napata ni ex-UK, yaani mtumba wa kutoka Uingereza, RAM 4GB, hadidiski ile ya kuzunguka, nabonyeza Ctrl+Shift+Esc naangalia Startup apps, kuna Teams, Spotify, na programu ya printa yenye iliuzwa kitambo, zote zinaamka pamoja na Windows. Apdeti imekosea wapi? Zima hizo, weka SSD, ile diski isiyozunguka, uje uniambie.

Kuna wenye wanasema Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025 kwa hivyo apdeti si hoja tena. Ni kweli ex-UK nyingi haziingii Windows 11 juu prosesa ya Intel lazima iwe kizazi cha nane kuenda juu, lakini Microsoft iliongeza apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026 kwa mwenye amejiandikisha, na unajiandikisha hapo hapo kwa Windows Update.

Antivirusi mbili hazikulindi mara mbili, zinapigania faili moja na mashine inahangi, Defender, ile antivirusi inayokuja na Windows, inatosha. Na programu ya kukraki yenye inakuambia uzime Defender kwanza, si hapo tu ungeshtuka? Kubonyeza F5 kwa desktopu hakusafishi RAM, kunachora ikoni upya, basi.

"Niko na paswadi, hata wakiiba laptop hawaoni kitu." Wanaona. Mtu anatoa diski anaichomeka kwa mashine nyingine, kama haijafungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows yenyewe, anasoma picha zako zote bila kuulizwa paswadi. Washa BitLocker, ama Device encryption kama Windows yako ni ya Home, lakini ile rikavari kii ya tarakimu 48 ya kufungulia diski usiiweke kwa laptop hiyo hiyo tafadhali, ikipotea hata mimi siwezi kukusaidia na usinililie.

Nyingine ni "mimi hufungua PDF tu." PDF gani? Windows ikitoka kiwandani inaficha mwisho wa jina la faili, kwa hivyo Invoice.pdf.exe, ambayo ni programu (.exe) wala si PDF, wewe unaona Invoice.pdf, na ikoni nyekundu ya PDF wezi wameipachika, unabonyeza ukijua ni risiti. Kwa Windows 11 fungua File Explorer, View, Show, weka tiki kwa File name extensions. Mashine yoyote ikipita kwa meza yangu naiwekea hiyo tiki bila kuulizwa, na mwenyewe akilalamika eti majina yamekuwa marefu, atazoea.