Matooke ni meupe au ya njano?

Swali hili, la ndizi zetu za kupika, aliniuliza afande mmoja mstaafu kutoka Bombo, mji wa jeshi kaskazini mwa Kampala. Alikuja na kurasa alizochapishiwa kwenye duka la fotokopi, akazitandaza mezani kwangu kama ramani ya kuvamia kambi. "Daktari," akasema, "hapa wameandika nisile wanga wowote mweupe, wala unaoweza kuwa mweupe. Matooke yakimenywa ni meupe. Yakiiva chunguni ni ya njano. Niyaweke upande gani?"

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Lakini hapa Kampala ukivaa koti jeupe wewe ni musawo tu, na kubishana niliacha zamani.

Kurasa zile zilitoka kwenye The 4-Hour Body, kitabu cha Mmarekani Timothy Ferriss kilichochapishwa Desemba 2010 na kuuzwa kama maandazi ya asubuhi. Kwenye chakula kina kanuni tano: acha wanga mweupe, rudia milo ileile michache, usinywe kitu chenye kalori, usile matunda, na siku moja kwa wiki ule chochote roho inachotaka. Humo pia kuna ahadi nilizozisoma huku nikitikisa kichwa, kama ile ya kuongeza zaidi ya kilo 15 za misuli ndani ya siku 28 kwa saa nne tu za mazoezi. Hiyo nimemwachia mwenyewe. Kanuni za chakula ndizo watu wanazoniletea, na hizo nazichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaozifuata wanapungua kweli.

Sikumjibu afande habari ya matooke. Nilimuuliza kwanza anatumia dawa gani, naye akatoa mfukoni vidonge vya glibenklamidi vya kisukari. Hapo nikaelewa kilichomleta. Alianza mpango ule Jumatatu. Jumatano saa nne asubuhi, kwenye foleni ya benki, alitoka jasho la baridi, mikono ikatetemeka, na mlinzi akamkalisha chini akidhani ni malaria. Kijana mmoja wa boda boda ndiye aliyemnunulia soda, akanywa, akarudi duniani.

Glibenklamidi huliamuru kongosho litoe insulini, na amri hiyo haisubiri kuona kama umekula. Mtu aliyezoea sahani kubwa ya posho, yaani ugali wa mahindi, amepimiwa dozi ya mtu wa posho. Akiondoa posho ghafla na kidonge kikabaki kilekile, insulini inafika kazini na kukuta sukari haipo, basi inashusha hata ile kidogo iliyopo. Wanaojidunga insulini wako kwenye hatari hiyohiyo. Metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake haina tabia hiyo sana. Kwa hiyo kama unameza dawa za kisukari, nenda kwa daktari aliyekuandikia kabla hujagusa sahani yako, dozi ibadilishwe kwanza. Nilimrudisha afande kwa daktari wake siku ileile. Tulionana tena baada ya wiki mbili, dozi ikiwa imepunguzwa, na swali lake bado liko palepale.

Matooke. Rangi katika kanuni ile ni alama ya barabarani tu. Mwandishi alikuwa anawakataza Wamarekani mkate, wali, viazi, tambi na nafaka za kifungua kinywa, na njia rahisi ya kuvikusanya vyote ilikuwa kutaja weupe. Mtu wa Masaka hakuwa kichwani mwake. Ukipima, robo hivi ya uzito wa matooke yaliyopikwa ni wanga, iliyobaki karibu yote ni maji, na protini ni kama gramu moja tu katika kila gramu 100. Ni chakula kizuri, kina potasiamu, na kikifungwa kwenye majani ya mgomba hakihitaji hata tone la mafuta. Shida yetu ni kiasi. Na kiasi hicho kimejificha ndani ya lugha.

Waganda husema *emmere* na *enva*. Emmere ni chakula: matooke, posho, wali, viazi vitamu, muhogo, magimbi, kalo (ugali wa ulezi). Enva ni kile cha kuteremshia: maharage, nyama, samaki, binyebwa (mchuzi wa karanga), na mboga za majani kama dodo (mchicha) na nakati. Ingia kibanda chochote cha mama lishe karibu na soko la Owino wakati wa mchana. Mhudumu atakuuliza sosi gani. Chakula haulizi, anakujazia cha kila aina mpaka sahani inakuwa na mlima, kisha sosi inakuja kwenye kibakuli pembeni. Mtu akila maharage na dodo matupu akashiba, ukimuuliza atakwambia leo hajala chakula.

Kitabu kile, kwa mwili wa Mganda, kinasema jambo moja: geuza. Enva iwe emmere. Mwandishi anawaambia watu wake kila mlo uwe na protini, jamii ya kunde na mboga za majani. Vyote vitatu tunavyo, tena bei nafuu kuliko kwao, ila tumevifanya wasindikizaji. Nusu kilo ya matooke inakupa gramu tano au sita za protini. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa kama 15, na nyuzinyuzi zinazokaribia kiasi hichohicho, ndiyo maana maharage yanakaa tumboni mpaka jioni. Mukene, dagaa wetu wa ziwani, ndio napigia debe zaidi: zaidi ya nusu ya uzito wa mukene mkavu ni protini, na kwa kuwa unaliwa na mifupa yake unapata kalsiamu juu yake. Afande aliguna. Kwake mukene ni chakula cha kuku.

Kitabu kinapendekeza gramu 30 za protini ndani ya nusu saa ya kuamka. Kwa mayai matupu ni matano, na mstaafu hawezi kuvunja mayai matano kila alfajiri. Tukafanya hivi: katogo ya maharage (ndizi zilizopikwa pamoja na maharage chungu kimoja), ndizi mbili badala ya sita, mayai mawili ya kuchemsha pembeni. Inakaribia. Rolex je, ile chapati iliyoviringishiwa mayai? Mayai mawili ya ndani ni rafiki. Chapati iliyoyafunga, iliyooga mafuta pande zote mbili, ndiyo inayokuja na kalori nyingi. Na binyebwa yahesabu kama mafuta, kwa sababu karibu nusu ya karanga ni mafuta. Hata mwandishi mwenyewe anaonya kwamba karanga ni kitu ambacho mtu akianza haachi.

Kanuni ya matunda siifuati na sikumfundisha. Mtu aliyeacha soda mbili kwa siku hanenepeshwi na kipande cha papai. Parachichi hata kitabu kinaruhusu. Ile ya baridi, kujiwekea barafu shingoni na kuoga maji ya baridi ili mwili uchome mafuta ukijipasha joto, niliipita haraka: kama baridi ingetosha, kule Kabale kwenye milima yenye baridi pasingekuwa na mtu mwenye kitambi.

Wiki ya kwanza ya kupunguza wanga mtu hushuka kilo mbili, wakati mwingine zaidi, na hapo ndipo anapoanza kutangaza kitabu kwa jirani. Mengi ya hayo ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu kama tatu za maji. Akiba ikitumika, maji nayo yanafungasha. Siku ukirudia posho yanarudi, mizani inapanda, na mtu anakata tamaa bure. Kwa hili kitabu kiko sawa kabisa: kinasisitiza kupima mwili kwa futi ya fundi cherehani, wala si mizani peke yake. Futi inauzwa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, kwa hela ndogo. Afande alinunua, akaanza kuandika kiuno chake kwenye daftari kila Jumapili, kwa nidhamu ya jeshi.

Siku ya kula chochote iliangukia Jumamosi, na Jumamosi kwetu ndiyo siku ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na harusi, kwa hiyo kanuni hii imekaa vizuri na maisha ya hapa kuliko mwandishi alivyoweza kujua. Mtu mzima wa afya anaweza kuifuata. Mwenye kisukari asifanye, maana siku moja ya pilau, keki na soda inatosha kurusha sukari yake juu. Kwa afande tuliigeuza kuwa mlo mmoja wa Jumamosi. Alinung'unika, akakubali.

Baada ya miezi minne kiuno chake kilikuwa kimepungua sentimita 9. Nilidhani atakuja akicheka. Alikuja ameinamisha kichwa. Majirani walikuwa wameanza kumtembelea kwa upole usio wa kawaida, na shemeji yake amemletea kuku bila sababu. Anayetoka nje hataelewa. Ugonjwa wa ukimwi ulipoingia Rakai, kusini mwa Uganda, mapema miaka ya 1980, watu walikonda mpaka wakauita *silimu*, na hata makala ya watafiti katika jarida la Lancet mwaka 1985 iliuita kwa neno hilo la kukonda. Dawa zipo sasa, watu wanaishi nazo wakiwa na afya tele, lakini macho ya kijiji hayajasahau. Nimekuwa na akina mama walioacha mpango mzuri si kwa njaa, bali kwa salamu za pole.

Hakuna kitabu cha Marekani kitakachokuandalia jibu la hilo. Afande alitafuta lake. Sasa anatembea na futi mfukoni, na mtu akimwangalia kwa huruma anaitoa, anaizungusha kiunoni mbele yake, anamsomea namba, kisha anampimia na yeye.