Doa la kipimo cha aloi kwenye stenlesi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kila kipimo cha aloi, yaani cha kujua chuma kimechanganywa na nini, huchoma chuma." Hapana. Kifaa cha eksirei cha kushika mkononi hupiga mionzi kwa sekunde chache na uso hubaki ulivyokuwa. Ukikuta mikwaruzo pale kilipowekwa, ni ya msasa uliopigwa kuondoa rangi au uchafu kabla ya kupima. Kinachochoma ni kipimo cha cheche, kinachopiga cheche ya umeme kwenye chuma na kusoma mwanga wake. Leza nayo huunguza, ila alama yake ni nukta ndogo sana.

"Basi tupime kwa eksirei tu, madoa yaishe." Tatizo ni kwamba kifaa hicho hakioni kaboni. Stenlesi ya daraja la 316 inaruhusiwa kaboni hadi asilimia 0.08, na 316L hadi 0.03, kromiamu, nikeli na molibdenamu ziko karibu sawa, kwa hiyo kwenye skrini ni chuma kimoja. Kwenye kazi ya kuchomelea tofauti hiyo ni kubwa: kaboni ikizidi hushikana na kromiamu kando ya mshono, na kutu huingilia hapo. Kutenganisha hizo mbili kunataka cheche au leza chini ya gesi ya argoni.

"Doa la cheche ni suala la sura tu." Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. Litazame kwa karibu: duara la milimita chache, katikati kijivu chenye vijishimo, pembeni pete ya manjano inayoingia kahawia na bluu. Rangi hizo ni oksidi iliyonenepa kwa joto. Kromiamu iliyoijenga imetoka kwenye chuma kilicho chini yake, kwa hiyo tabaka hilo jembamba limepungukiwa na kile kinachoifanya stenlesi isishike kutu. Weka sehemu hiyo kwenye maji ya chumvi au sabuni yenye klorini, na vishimo vya kutu vitaanzia hapo hapo.

"Piga brashi ya waya, yataisha." Brashi ya chuma cha kawaida hupachika chembe za chuma hicho juu ya stenlesi, nazo hushika kutu mapema. Hata brashi ya stenlesi hung'arisha tu. Tabaka dhaifu hubaki.

Tumia msasa uliotengwa kwa stenlesi peke yake, namba 120 mpaka vijishimo viishe, kisha 240 kwa kufuata mistari ya awali ya uso. Usikandamize grainda hadi chuma kibadilike rangi, maana utakuwa umeleta upya tatizo lile lile. Kwenye bomba lenye ukuta mwembamba, pima unene uliobaki kabla ya kuendelea. Ukiwa umefikia chuma safi kisicho na rangi ya joto, maliza kwa asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10, kisha suuza vizuri kwa maji safi.

"Asidi ya sitriki itaondoa hata ile rangi ya bluu." Haitaondoa. Rangi ya joto inataka msasa, au pasta yenye asidi za nitriki na haidrofloriki. Haidrofloriki hupenya ngozi na madhara yake huweza kuchelewa kuonekana: vaa glavu zinazofaa na kinga ya uso mzima, na jeli ya kalsiamu glukonati, ya kupaka asidi hiyo ikigusa ngozi, iwe mkononi kabla ya kufungua kopo.

"Sumaku inatosha, na haiachi alama." Alama haiachi, lakini haiwezi kutofautisha stenlesi ya daraja la 304 na ya 316, na 304 iliyokunjwa baridi huvutwa na sumaku.

"Tone la kemikali ya kupimia aloi kwa rangi likikauka halina neno." Lina neno. Linatia doa, na likiwa na kloridi hula uso. Lifute na suuza mara tu rangi inaposomeka.

"Popote pa kupimia ni sawa." Kwenye flenji (sahani ya kuungia mabomba), piga cheche mgongoni au ubavuni, kamwe si kwenye uso unaokaliwa na gasketi ya kuzuia uvujaji. Kipande kitakachong'arishwa kwa umeme kipimwe kabla ya kung'arishwa, au kipimwe kipande kilichokatwa kutoka bamba lile lile.