Tofali la moto: ugumu wa baridi si ugumu wa tanurini

Katwe, Kampala, kwenye vibanda vya mafundi wanaoyeyusha aluminiamu chakavu na kusubu masufuria, mzee akikuuzia tofali la moto, yaani lile la kujengea tanuri, atagonganisha mawili mbele yako. "Sikia linavyolia, mwanangu. Hili ni jiwe." Mlio una maana yake, kwa sababu tofali lenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Ila haukuambii litafanya nini likishawaka.

Dhana: Lisilovunjika kwa nyundo halishindwi na moto.
Ukweli: Ndani ya tofali la udongo mfinyanzi mna chembechembe zilizoshikwa na kitu kama kioo, kilichotokea lilipochomwa. Likiwa baridi, kioo hicho ni gundi imara. Joto likipanda sana, gundi inalainika na tofali linakaa chini polepole kwa uzito ulio juu yake. Ndiyo maana maabara hulibebesha sampuli mzigo wa kama kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, wakapandisha joto nyuzi 5 kila dakika, na kuandika ni nyuzi ngapi lilipopungua kimo kwa asilimia 0.5. Mimi namba hiyo ndiyo naiuliza kwanza. Tanuri la saruji, kama yale ya Tororo, mashariki mwa Uganda, hufika nyuzi 1,450 hivi pale klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, inapoiva. Huko ugumu wa baridi peke yake hautoshi.

Dhana: Nguvu ni namba moja.
Ukweli: Linalobeba mzigo mkubwa likibonyezwa hukatika kwa mzigo mdogo sana likikunjwa, maana upande wa chini unavutwa na ufa unafunguka. Chukua tofali lenye upana wa milimita 114 na unene wa 65, uliweke juu ya mihimili miwili iliyoachana milimita 180, ulikandamize katikati. Likikatika kwa kilonyutoni 12 (kipimo cha mzigo), nguvu yake ya kukunjwa ni kama megapaskali 6.7 (kipimo cha mzigo kwa eneo). Unene huo katika hesabu unazidishwa wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo ukiusoma 63 badala ya 65, jibu linapanda kwa zaidi ya asilimia 6. Pima unene pale pale litakapokatikia, tafadhali, si pembeni.

Dhana: Kupima tofali moja kunatosha.
Ukweli: Okota vipande viwili vilivyokatika, uvitazame juani. Mara nyingi utaona chanzo: kokoto iliyojitenga na udongo, au kitundu chembamba ulipokuwa unyasi ulioungua. Tofali la jirani halina kitundu hicho, nalo litatoa namba nyingine kabisa, ingawa udongo ni ule ule na tanuri ni lile lile. Waloddi Weibull, Mswidi, aliiwekea hali hii hesabu mwaka 1939: kitu kigumu kisichonepa hukatika kama mnyororo, penye pete dhaifu kuliko zote. Hivyo vunja mengi, kisha uliza namba zake zinatofautiana kiasi gani. Muuzaji mmoja alitupa karatasi yenye namba moja ya kuvutia, bila idadi ya sampuli. Tulilipa, na ukuta wa tanuri letu ukaanza kumeguka.

Dhana: Tofali jepesi ni bovu.
Ukweli: Lile linalokwaruzika kwa ukucha limejaa vitundu vya hewa kwa makusudi. Halifai kugusana na chuma kilichoyeyuka, lakini likijengwa nyuma ya tofali gumu huzuia joto lisitoroke, na makaa yanapungua.