Mla Nyama Naye Aulizwe: Maswali na Majibu kuhusu Lishe

Kwa nini asiyekula nyama huulizwa "protini unapata wapi?" na mla nyama haulizwi kitu?

Mazoea tu. Anayekula kama majirani zake huchukuliwa kuwa anajua anachokula. Aliyeacha nyama, maziwa na mayai hutakiwa ajieleze. Kumuuliza si vibaya, ila huulizwa swali lisilo lake. Akila vyakula mchanganyiko akashiba, protini haimsumbui. Kinachoweza kumwangusha ni vitamini B12, na hiyo ni nadra kutajwa.

Hesabu ya protini ikoje?

Mtu mzima huhitaji gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48, na kwa kuwa protini ya mimea humeng'enywa pungufu kidogo, alenge 55. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa vina gramu 30 hivi, ugali wa robo kilo ya unga unaongeza kama 20, konzi ya karanga 7. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, na maharage yanayo tele, ndiyo maana makande hukamilishana vizuri.

Mambo huharibika ugali unapokuwa mlima na maharage vijiko vitatu. Tena wengi wanaojiita wala nyama hupata vipande viwili Jumapili, siku nyingine ni ugali na mchicha. Hao nao wanaishi kwa mimea, ila hakuna aliyewafundisha kuipanga.

B12 ina shida gani?

Hutengenezwa na bakteria, na hakuna mmea wa kutegemewa kuipata. Mahitaji ni madogo, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Kwa hiyo anayeacha vyakula vyote vya wanyama hujiona mzima mwaka wa kwanza, hata wa pili. Baadaye huja uchovu, ulimi kuuma, ganzi miguuni. Foleti (vitamini B9) nyingi ya mboga za majani inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na ikichelewa huenda isipone.

Suluhisho ni kidonge cha B12 cha mikrogramu 1,000 mara mbili kwa wiki. Dozi ni kubwa kwa sababu mwili huvuna sehemu ndogo sana, kama asilimia 1 tu ya dozi kubwa kama hiyo.

Mla nyama asicheke. B12 ya nyama hutolewa kwa msaada wa asidi ya tumbo, na asidi hiyo huweza kupungua uzeeni au kwa kutumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, muda mrefu. Metformin ya kisukari nayo hupunguza ufyonzaji wa B12. Mtu wa namna hiyo anaweza kula nyama kila siku na bado akapungukiwa.

Na madini chuma?

Hapa chai ndiyo mharibifu, kwa wote. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana chuma cha mboga na maharage kinachoingia mwilini. Inywewe saa moja kabla au baada ya kula. Kamulia limau kwenye mboga, au kula chungwa papo hapo: vitamini C hufungua njia. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, ndipo uyabandike. Chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi zaidi, lakini mwanamke anayetoka hedhi nzito anaweza kupungukiwa damu hata kama anakula nyama.

Mla nyama aulizwe nini, basi?

Nyuzinyuzi unapata wapi? Nyama haina hata gramu moja, na mtu mzima anahitaji angalau 25 kwa siku. Nyama choma na ugali wa sembe, na kachumbari ya kuzugia pembeni, havifiki popote. Matokeo yake ni choo kigumu. Badili sembe kwa dona, ongeza kikombe cha maharage au kunde.

Pili, kiasi gani? Ushauri wa kujikinga na saratani ni nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Kuna meza zinazomaliza hizo Jumamosi moja. Soseji ni kesi nyingine: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za kusindika katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Chumvi?

Yenye madini joto, isiyozidi gramu 5 kwa siku, kwa wote.

Mama mjamzito asiyekula kitu chochote cha mnyama?

Anaweza kuendelea, lakini B12 si hiari kwake, hadi atakapoachisha ziwa. Maziwa ya mama aliyepungukiwa huwa na B12 kidogo, na mtoto hana akiba. Ubongo wake unaweza kuumia ndani ya miezi. Akifika kliniki aseme wazi anachokula na asichokula, na anachokunywa na chakula. Vidonge vya chuma na foliki anavyopewa huko si mbadala wa B12.